Namba za Mwende zilikuwa zinageuka, nikamshuku Mama Hawa

Ijumaa, wiki moja baada ya half-term. Asubuhi kulikuwa na jua la kuchoma, saa nane mawingu yakafunga upande wa Ngong, na saa hii mvua iko juu ya mabati mpaka nikisoma hii kwa sauti sijisikii.

Wakuu, niaje.

Nimekuwa humu muda mrefu kama msomaji tu, mtu wa kulike na kupita. Leo naandika yangu. Sitaongeza chumvi, na pale sina uhakika nitasema sina uhakika. Niliachia shule form two, kwa hivyo mkiona Kiswahili kimepinda mnisukume mbele mwendelee kusoma.

Mimi ni msusi. Salon yetu iko Kawangware, stage ya 56, mlango mmoja, viti viwili, kioo kimoja kirefu cha ukuta mzima. Lakini nalala Kibera, Sarang'ombe, kwa ploti ya mama mmoja Mnubi anaitwa Mama Hawa. Ploti ni ya baba yake, na kabla ya hapo ilikuwa ya babu yake. Yeye hukaa chumba cha mbele na huwa anafuma vitambaa vya makochi mlangoni.

Mzee wangu, yaani bwanangu, yuko Machakos kwa kazi ya mjengo, anakuja mwisho wa mwezi. Kwa hivyo hii story ni ya wanawake wawili na mtoto mmoja.

Mtoto ni Mwende wangu. Ako PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Na ni wa mkono wa kushoto.

Hiyo ya kushoto sikuwahi kuiona kama shida. Kijiko alishika na kushoto, kitana na kushoto, hata kofi alimpiga binamu yake na kushoto. Mama Hawa ndiye alimfundisha kula na mkono wa kulia, kwa sababu kwao ndio heshima ya sahani, na mimi sikukataa. Mtoto alikuwa anashinda kwake kila siku akitoka shule mpaka nirudi, na hakuwahi kunidai kitu kwa hiyo kazi. Hiyo lazima niiseme mapema, msije mkasema nimemficha uzuri wake.

Sasa, wiki mbili baada ya term kuanza, Teacher Mercy, mwalimu wake, akaniita.

Akafungua kitabu cha Mwende. Wakuu, namba zilikuwa zimegeuka. Tatu inaangalia nyuma. Saba inaangalia nyuma. Tisa kama herufi p. Kumi imeandikwa sifuri kwanza, halafu moja.

Teacher akaniambia, "Mama Mwende, nikimfundisha Jumatatu, kufika Alhamisi anaandika vizuri. Jumatatu ingine inakuja, amerudi nyuma yote. Huko nyumbani nani humsaidia?"

Nikasema mimi.

Akaniangalia. Sijui kama ni mimi nilikuwa naona vibaya, lakini aliniangalia vile unaangalia mtu anayedanganya.

"Mimi simlaumu mtu," akasema. "Lakini tukirudi kutoka half-term nitampa moja mpaka kumi. Zikiwa bado hivi, itabidi arudi PP1 ashike msingi. Na huo mkono, mama, jaribuni kulia. Labda ndio unageuza."

Kurudi PP1. Mtoto ambaye alikuwa amejua rafiki zake wote kwa majina na nani huleta chapati siku gani.

Wacha niwe fair kwa teacher. Ako na watoto wengi kwa darasa moja, na ndiye peke yake aligundua ile mambo ya Jumatatu. Mimi mama mzazi sikuwa nimegundua.

Lakini alipoitaja tu, akili yangu ikaanza kuchimba.

Mimi nina tabia ya kuandika vitu kwa daftari. Nani alisukwa style gani, mvua ilianza saa ngapi, tulikula nini. Si diary ya watu wasomi, ni vitu tu. Basi nikaongeza ya Mwende. Kila jioni, isipokuwa Jumamosi kwa sababu huwa ameshaandika salon, nilimpa mstari mmoja wa tatu na mstari mmoja wa saba, na nikaandika: sawa, au zimegeuka.

Wiki tatu nikafanya hivyo. Jumanne mpaka Ijumaa, sawa au karibu sawa. Jumapili usiku na Jumatatu, zimegeuka.

Nikajiuliza, kabla ya hapo mtoto anakuwa wapi?

Jumamosi ako na mimi, 56. Jumapili tunaenda kanisa, halafu mchana mimi nafua, na yeye anashinda kwa Mama Hawa mpaka jioni.

Jumapili. Mama Hawa.

Mnaona vile niliruka Jumamosi? Sikuiona kabisa. Jumamosi mtoto yuko na mimi, na mimi siwezi kuwa shida. Hivyo ndivyo nilifikiri, na niliona ni hesabu safi.

Halafu nikaona uzi.

Ilikuwa Jumapili jioni, namuogesha. Mkono wa kushoto, pale kwa kifundo, alikuwa amefungwa uzi mwekundu wa sufu. Mafundo matatu. Si bangili, si mchezo. Umefungwa vizuri na mtu mzima.

Nikamuuliza, "Nani amekufunga hii?"

"Shosh."

Shosh ni Mama Hawa.

"Ya nini?"

"Amesema nisitoe. Nikitoa nitasahau."

"Utasahau nini?"

Akaanza kucheza na povu.

Wakuu, nikahesabu. Mkono ule ule wa kuandika, siku ile ile ya kugeuka, uzi mwekundu na mafundo matatu.

Hapa lazima nijicheke kidogo. Mimi ni Mkamba wa Kitui. Nyinyi wote mnajua vile Nairobi hii inatuongelea. Nimekaa kwa salon miaka na customers wakiniuliza kama nina dawa ya kurudisha bwana, na mimi nakasirika, nasema ni ushamba. Sasa mimi mwenyewe nikawa hapo kwa beseni, nimeshika mkono wa mtoto, naamini mama wa watu amemfunga mtoto wangu kitu.

Nikakata uzi na mkasi. Nikautupa kwa jiko. Nikaomba.

Mwende alilia, na hakulia kidogo. Alisema, "Sasa nitajuaje?"

Hiyo swali ilikuwa imebeba jibu lote. Mimi nikasikia kama ni mtoto analilia kitu kibaya alichozoeshwa.

Kesho yake Jumatatu sikumpeleka kwa Mama Hawa baada ya shule. Nilimwambia Mama Hawa kuna mama amefungua daycare karibu na salon. Uongo. Nilikuwa natoka 56 saa tisa na boda, namchukua Kibera, narudi naye salon, anakaa na mimi mpaka nifunge. Kila siku.

Siku ya pili Mama Hawa alitoa kiti chake nje kama kawaida, na nikaona ameweka kale kastuli ka Mwende kando yake. Kalikaa tupu.

Siku ya nne akanisimamisha kwa korido.

"Mama Mwende. Nimekukosea nini?"

"Hakuna, mama. Ni kazi tu."

"Kazi."

"Ee. Ratiba imebadilika."

Akafuma kidogo, halafu akasema bila kuinua macho, "Mimi nimezaliwa hapa. Watu wamenishuku hapa tangu nikiwa mdogo, wakanishuku ardhi, wakanishuku dini, na wengine wakaja kuniomba chumvi baadaye. Wewe ukiwa na neno, niambie mbele. Usiniletee daycare."

Nikaingia ndani. Nikajiambia, ona vile anaongea, mtu asiye na hatia hawezi kujitetea kabla hajaulizwa. Lakini nikiandika hivi sasa naona alikuwa ameulizwa. Kukata mtoto kutoka kwa mtu ni kumuuliza.

Na namba? Hapa ndio nilitaka kuwa wazimu.

Zilizidi.

Daftari langu liko hapa mbele yangu. Jumatatu, zimegeuka. Jumanne, zimegeuka. Jumatano, zimegeuka, mpaka nne ambayo hakuwahi kukosea. Kwanza alikuwa anageuza siku mbili kwa wiki, sasa ni wiki nzima. Na mimi nikasoma hiyo daftari nikasema: Mama Hawa ameudhika, amekaza dawa.

Mzee wangu nilimpigia. Alisikiliza yote. Akasema, "Uzi? Wewe uko sawa kweli? Mama Hawa ndiye alikukalia na mtoto ukiwa na typhoid."

"Mbona unamtetea?"

"Simtetei. Nauliza kama umemuuliza."

Nikamkatia simu. Nilimshuku hata yeye kidogo, niseme ukweli. Nilijiuliza mbona ana haraka ya kuongea hivyo.

Sasa nafika mahali sipendi kufika.

Nilikuwa nimekumbuka ile ya teacher, jaribuni kulia. Nikaona kama huo mkono ndio mlango, nifunge mlango. Nikachukua soksi ya baba yake, nikamvalisha Mwende kwa mkono wa kushoto, nikaifunga na rubber ya nywele. Nikampa penseli kwa kulia.

Alijaribu. Hiyo ndiyo inaniuma, alijaribu kweli. Alikuwa anachora moja, na inatetemeka kama mstari wa mzee. Aliandika moja kama mara nane hivi. Halafu akaniuliza, "Mama, huu mkono umekosea nini?"

Nikamwambia haujakosea, umepumzika tu.

Siku tatu za soksi. Siku ya pili akakojoa kitandani, na alikuwa ameacha tangu baby class. Siku ya tatu penseli ikapotea. Nikanunua ingine, ikapotea. Nikazipata zote mbili ndani ya gumboot ya baba yake. Nikimwambia lete kitabu, anasema tumbo linauma. Mtoto ambaye alikuwa anaandika hata kwa vumbi la mlango, sasa hataki kuona kitabu.

Soksi nikaitoa. Si kwa hekima. Niliogopa tu.

Na half-term ilikuwa inabisha.

Jumamosi ya mwisho kabla ya hiyo half-term, tuko 56. Kwa kiti nina Akinyi, ameajiriwa kwa hardware mkabala na sisi, mama wa maneno mengi na kichwa kigumu kusuka kwa sababu hatulii. Mwende amekaa kwa kreti kando yake, kitabu kwa meza iliyo chini ya kioo, pale tunawekanga vitana na mafuta. Nilikuwa nimembembeleza na soda ndio akubali kuandika.

Nieleze vile tunafanyanga. Mimi nasimama nyuma ya customer, mikono iko kwa rasta, siwezi kuacha katikati. Siku za mwanzo Mwende alikuwa anageuka kunionyesha kitabu, na anagonga customer na kiwiko. Nikamwambia asigeuke, ainue tu kitabu, kurasa zikiangalia mbele, nitaona. Na salon ndivyo huwa. Customer hanigeukii. Tunaongea, tunacheka, tunasengenya, yote nikimwangalia usoni hapo mbele. Nimezoea mpaka sioni tena kama ni kioo.

Basi Mwende akaandika mstari wa tatu. Akainua kitabu.

Nikaangalia. Zote zimegeuka.

"Hapana, Mwende. Tatu inaangalia wapi? Futa."

Akachukua rubber. Uso wake ulikuwa kama wa mtu mzima aliyezoea.

Akinyi akasema, "Ngoja, usifute. Lete nione."

Akachukua kitabu, akakiweka kwa mapaja. Akakiangalia. Halafu akauliza, "Mama Mwende, hii tatu iko na makosa gani?"

"Si unaona imegeuka."

"Mimi naona iko sawa."

"Akinyi, tulia nisuke. Imegeuka."

"Wewe unaangalia wapi?"

"Hapo." Nikaonyesha na kidevu.

"Hapo ni kioo, mama."

Sikuelewa. Nawaambia ukweli, nilisimama hapo na rasta tatu mkononi na sikuelewa.

Akinyi akaniambia polepole kama mtu anaongea na mgonjwa, "Hata hiyo kalenda yako ya ukutani imegeuka hapo. Mbona hujaiambia ifute?"

Msusi mwenzangu wa kile kiti kingine akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nikaachilia nywele ya watu. Nikazunguka kiti, nikachukua kitabu na mkono, nikakiangalia moja kwa moja.

Zile tatu alizoandika, zote nane ziko sawa. Zinaangalia mahali tatu huangalia. Na mojawapo ilikuwa tayari imefutwa nusu.

Nikafungua nyuma. Kurasa za Jumamosi. Pale nimempigia tick kubwa na kuandika good, zote zimegeuka. Pale kuna madoa ya kufuta mpaka karatasi imetoboka, ndio alikuwa ameandika sawa.

Tangu likizo ya December nilikuwa nafanya hivyo. Alipoandika vizuri, nilimfutisha. Alipogeuza, nilimsifu mbele ya customers. Alhamisi teacher anamaliza kunyoosha, Jumamosi mimi napinda. Na nilipomtoa kwa Mama Hawa nikamleta 56 kila siku, nilikuwa nampinda kila siku.

Nikachuchumaa mbele yake. Nikamuuliza, "Mwende, ulikuwa unajua hizi ni tofauti?"

Akasema kama kitu cha kawaida, "Ee. Hii ni ya teacher. Hii ingine ni yako."

"Yangu?"

"Ya salon. Lakini nilikuwa nachanganya. Nikamwambia Shosh. Shosh akasema ya teacher inaanza upande wenye uzi. Ndio nikumbuke." Akaangalia mkono wake. "Halafu ukakata."

Wakuu, sijawahi kuona aibu kama hiyo. Akinyi, na mdomo wake wote, akasema tu, "Nisuke ukimaliza kulia, sina haraka." Nilimaliza kichwa chake jioni, na upande mmoja haukuwa mzuri, na alijua na hakusema.

Tukarudi Kibera. Mama Hawa alikuwa mlangoni. Nikamwambia Mwende aingie ndani, akakataa, akaenda moja kwa moja kwa kastuli kake akakaa. Kwa hivyo ilibidi niseme mtoto akisikia.

Nikamweleza ya kioo. Alielewa kabla sijamaliza.

"Na uzi?" akauliza. "Uliukata ukifikiri ni nini?"

Ningeweza kusema nilifikiri ni uchafu. Nilikuwa na nafasi hiyo.

"Nilifikiri ni dawa."

Akaacha kufuma. Ndio nikaona kitu ambacho sikuwa nimeona kwa miaka minne ya kupita hapo kila asubuhi. Sindano ilikuwa kwa mkono wa kushoto.

"Mkamba," akasema, "ameogopa dawa yangu."

Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Akasema, "Mimi walinichapa huu mkono shuleni mpaka nikaacha kuandika nao. Naandika na kulia, na mpaka leo hata jina langu likiandikwa na mimi silisomi. Mkono wa kula ni mmoja, hiyo nimemfundisha. Lakini wa penseli ni ule Mungu alimpa. Sikumgusa huo."

Mwende akasema kutoka kwa stuli, "Mama aliufunga na soksi."

Nilitamani ardhi inimeze.

Ile ya dawa Mama Hawa alikuwa ameipitisha, lakini hiyo ya soksi niliona haipiti. Akasema, "Mtoto nitamfundisha. Aje kesho. Wewe na mimi tutaongea siku ingine." Halafu akachomoa uzi kwa ile kazi yake, rangi ya kijani kwa sababu nyekundu iliisha, akaanza kumfunga.

Half-term yote Mwende alikuwa naye. Mimi nilikuwa nakaa pembeni nikirudi, na nilijifunza vitu ambavyo kama ningeuliza mapema tungeokoa machozi.

Kwamba mtoto wa kushoto husukuma penseli mahali sisi huvuta, kwa hivyo mkono wake unafunika alichoandika na anaenda akibahatisha. Mama Hawa alikilaza kitabu, juu yake ikaelekea kulia, na akamwambia ashike penseli juu kidogo ili aone. Kwamba unakaa kando yake, si mbele yake. Kwamba unaweka nukta pale namba inaanzia, halafu unanyamaza. Tatu alimwambia ni matumbo mawili yanautazama mkono usio na uzi. Mimi ningeona ni upuzi. Mwende aliielewa mara moja.

Teacher Mercy nilimwambia ukweli pia. Alishika mdomo. Kwa haki yake, alisema na yeye alikosea kuulaumu mkono, na kwamba hata watoto wa kulia wengi hugeuza namba umri huu. Kwa hivyo sijui. Labda Mwende angegeuza kidogo hata bila kioo changu. Labda ni yote mawili. Siwezi kuapa. Ninachoweza kuapa ni zile ticks, ziko na mkono wangu.

Wiki hii alipewa moja mpaka kumi. Leo kitabu kimekuja.

Moja mpaka sita sawa. Saba, teacher anasema, aligeuza, akaiangalia, akaifuta mwenyewe bila kuambiwa, akaiandika tena. Nane, tisa, kumi sawa. Chini teacher ameandika abaki PP2.

Nilisoma nikiwa nimesimama kwa mlango. Nikamwambia Mwende, "Vizuri sana."

Aliniangalia na yale macho ambayo sasa ananiangalianga nayo.

"Umeona kweli?"

"Nimeona."

"Kaa chini uone tena."

Nikakaa chini. Akaweka kidole chini ya kila namba, moja moja, na hakuenda kwa inayofuata mpaka niitaje. Ya saba alinishikilia hapo kama dakika.

Nafikiri hiyo ndiyo bei, na sitailalamikia. Mtoto wangu anajua kuandika kumi, na amejua pia kwamba sifa ya mama hukaguliwa.

Fundisho langu ni dogo. Nilikuwa na daftari, nilikuwa na tarehe, nilikuwa na ushahidi, na nilikuwa nimekosea, kwa sababu kwa orodha ya washukiwa sikuandika jina langu. Ukianza kuchunguza, anza na wewe. Na ukiona kitu kwa mkono wa mtoto, muulize aliyekifunga kabla hujatafuta mkasi.

Sasa nanyi. Wale mmelea watoto wa kushoto, mlifanyaje? Wale mliobadilishwa kwa nguvu, mkono ulirudi au ulipotea? Na yule anataka kunichapa kwa sababu ya soksi, aandike tu, nitasoma yote na sitafuta.

Jioni hii nimepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Nilimpelekea Mama Hawa sahani, mara ya kwanza tangu siku ile. Aliipokea mlangoni, akaonja hapo hapo nikiwa nimesimama, akasema haijaiva vizuri. Nimekuja nikaonja. Ni kweli, nimeirudisha kwa jiko.